Polycarp Amepunguziwa, Hajasamehewa

Ilala,
Dar es Salaam.
Jumapili, 17 Agosti 2025

Mpendwa dada Severa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kiuno kimekuachia angalau ukae misa nzima bila kuhama benchi. Mvua huko je, na ng'ombe kazaa salama? Mimi mwili hauna neno. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa kuliko nilivyoipanga.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, na jikoni kwako hapakosi wajumbe.

Nimesikia kwa Benedikta wa Buguruni kwamba huko mmeambiwa Polycarp kasamehewa, na wajomba wameshaanza kuulizia siku ya kunywa mbege ya shukrani. Dada, wazuie. Mdogo wetu hajasamehewa. Amepunguziwa adhabu, na hayo ni mambo mawili, kama vile kushushwa kilimani si kufikishwa nyumbani.

Kisa unakijua nusu. Abdulla, jirani yetu mwenye duka la mapazia hapa Kariakoo, alizoea kusogeza mabunda yake hadi mlangoni pa duka letu la sufuria. Siku hiyo Polycarp akayarudisha, Abdulla akayaleta tena, maneno yakapanda, na Polycarp akamchana paji la uso kwa mfuniko wa sufuria kubwa. Abdulla akashonwa, Polycarp akakamatwa. Mahakamani ule mfuniko ukaitwa kielelezo. Miaka yote nauza sufuria, sikujua bidhaa zangu zina cheo.

Polycarp alikiri kosa bila kuzungusha maneno. Sasa mtu akishatiwa hatiani, kabla hajapewa adhabu, hakimu humwuliza kama ana la kusema ili apunguziwe. Pale hubishi tena kwamba hukufanya, hilo limekwisha. Unaeleza tu kwa nini usibebeshwe mzigo wote: ni kosa lako la kwanza, umejuta, hukuisumbua mahakama, wapo wanaokutegemea. Lipo na punguzo jingine, la huko huko gerezani, kwa mfungwa mwenye nidhamu. Hilo tuliache, Polycarp unamfahamu.

Nilikwenda kusikiliza kesi za wengine ili nijifunze. Ukikaa benchi la nyuma asubuhi moja tu, utadhani jiji zima lina mama mmoja mgonjwa na watoto wasio na idadi. Nikaogopa. Mama yetu tumeshamzika. Polycarp hana mke, hana mtoto, na hata paka anayelala kwetu ni wa jirani. Angesema nini?

Basi nikakimbilia ya kwetu. Benedikta amepanda isale kwenye ndoo uani kwake. Nikaomba jani, nikalifunga fundo kama alivyokuwa akifanya baba, nikampelekea Abdulla nyumbani. Nikalitoa kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikangoja. Nilisahau kabisa kwamba wazee wa yule bwana walitoka Yemeni, si Kibosho kwetu.

"Isidori," akasema, "hii nichemshe ninywe, au ndo umekuja kunimalizia?"

Nikamweleza kwamba kwetu aliyeletewa isale hakatai kusamehe, hata awe kaumizwa vipi.

"Kwenu huko. Kwani mimi Mchaga?"

Mkewe Zeina alikuwa ameshalichukua jani na kulitia kwenye glasi ya maji. "Mchaga si wewe, lakini jirani yao nani? Mtu kaja kumwombea nduguye, hiyo si ndiyo shufaa? Nenda kaseme."

Abdulla akapapasa kovu lake. "Nitaenda. Lakini bwana, mabunda yangu nayo yakae wapi?"

Akaja kweli mahakamani, akasimama, akasema amemsamehe. Nadhani hapo ndipo habari yenu ilipopinda. Aliyeumizwa ni Abdulla, lakini anayeshtaki ni Jamhuri, na Jamhuri haipokei isale. Msamaha wa Abdulla haukufuta kosa. Uliwekwa tu kwenye mizani pamoja na mengine.

Kisha hakimu akamwuliza Polycarp kama ana mtu anayemtegemea. Nilijua atanyamaza. Akaninyooshea kidole.

"Kaka yangu yule, Mheshimiwa. Akifunga duka hana wa kuongea naye. Mimi ndo namsemesha."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, aliandika. Dada, mimi niliyempokea stendi, nikampa godoro na kazi, nilikuwa nimevaa koti kabisa nisimame niseme kwamba yeye ndiye anayenitegemea mimi.

Kosa lile lingeweza kumpa miaka. Amepewa miezi sita. Alipopitishwa mlangoni na askari, alinigeukia akasema, "Kaka, ushakula?" Nilipoinuka nimwambie bado, mlango ulishafungwa, maana askari hawangoji mtu ameze mate.

Siku hizi Abdulla huja jioni, anakaa juu ya bunda lake, mlangoni petu palepale, anataka tuzungumze. Ni mtu mwema, ila huanza na bei ya mapazia na humalizia na bei ya mapazia.

Mwandikie Polycarp, atafurahi. Nami uniandikie, hata mistari miwili ya kunigombeza. Mahakama imeshaweka kwenye kumbukumbu zake kwamba sina mtu, na nimetafuta hoja ya kukata rufaa, sijaipata.

Nisalimie sana shemeji Kasmir, na Jacqueline, na Nice mwambie nimesikia amefaulu. Wajomba wape shikamoo zangu moja moja, wasizichanganye.

Mungu akae nanyi mezani, na akipata nafasi apite na huku.

Mdogo wako akupendaye, hata akinyamaza,

Isidori