Zunilda Ayala, Picha Yako Inapanda Ukutani

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuachie ufunguo wa chumba chako cha kushonea, Bi Zunilda, Ña Zunilda kama mji ulivyokuita, mama yetu, pamoja na makopo kumi na saba ya keki za Krismasi yaliyojaa picha, na onyo kwamba atakayeziandika nyuma kwa wino utamtokea ndotoni.

Ulishona mavazi ya kanivali ya Encarnación, hapa Paraguay, kwa miaka arobaini. Nusu ya mji imetingisha manyoya uliyoyashona wewe, wakiwemo wale waliokuwa wakivuka barabara wakikuona. Kikombe cha tereré, ile chai yetu ya baridi, mkononi, pini mdomoni, na bado uliongea. Ulitupokea sisi wanawake ambao tulipozaliwa tuliandikishwa wavulana, tuliofukuzwa makwetu na mfuko mmoja wa nguo. Ulitupa godoro, kisha ukatupa shanga za kutunga. Hizo shanga ndizo zilizotutuliza zaidi.

Mwenzetu Rosalba alipofariki, ndugu zake walimzika amevishwa suti ya kiume, na kaburini wakaandika jina la kiume ambalo hakuna kati yetu aliyemwita kwalo. Ulirudi kutoka mazikoni, ukatoa picha yake, ukaandika nyuma kwa penseli: Rosalba. Ndivyo kopo la kwanza lilivyoanza. Ukaweka na sheria: picha haipandi ukutani mpaka kila aliyemo awe na jina lake, lile alilojichagulia mwenyewe.

Kwa hiyo wewe hukuwahi kupanda. Picha yako nzuri kuliko zote, ile pekee uliyotaka itundikwe, ya kanivali ya mwaka 1986, ina watu watano, na wa tano ni msichana aliyekuja dakika ya mwisho kuazima vazi la kijani. Jioni ile ile askari wa utawala wa kidikteta waliwavamia, mkatawanyika.

“Nilimpima kiuno, sentimita sitini na nane,” ulituambia mara elfu. “Jina sikumuuliza. Mjinga gani mimi!”

Hospitalini ulitupiga mkwara: “Msithubutu kunitundika kabla hamjalijua jina lake.”

“Sasa mama, tutampata wapi?” Maida, mmoja wetu, akauliza.

“Mna miguu au hamna?”

Miguu tunayo. Tumeizungusha picha hiyo sokoni, makanisani, kwenye vituo vya mabasi. Kaka yako Nidio, ambaye tuliogopa angeyatupa makopo, ndiye aliyebeba mti wa bango lenye picha hiyo huku akinung'unika: “Alinisumbua akiwa hai, ananisumbua hata sasa.” Februari tuliipitisha kwenye kanivali, kubwa kama mlango, msichana wa tano amezungushiwa duara, imeandikwa: Unamjua huyu? Mwanamke mmoja wa makamo akasimama kwenye viti vya watazamaji.

“Wee! Huyo ni mimi! Na hiyo nguo bado ninayo!”

Anakaa Posadas, mama. Ng'ambo ya mto, upande wa Argentina, daraja tu. Miaka yote hiyo aliogopa kurudi, akidhani nyote mliuawa; kanivali hii ndiyo ya kwanza aliyothubutu kuja kuitazama. Jumapili iliyofuata alivuka tena, na vazi la kijani limekunjwa kwenye mfuko. Tulipomwambia umeondoka, alikaa kwenye kiti chako cha cherehani akalia, nasi tukalia. Halafu Maida akachukua tepu, akampima.

“Tisini na moja! Bibi, kiuno kimekwenda wapi?”

“Kimebaki ndani ya hilo vazi, mwanangu. Hebu lete penseli.”

Aliandika kwa mkono wake: Delmira.

Leo saa kumi alasiri tunakupandisha ukutani. Anayetaka kuja aje, na asiyetaka aendelee kuvuka barabara. Chumba hakifungwi. Bado kuna picha mia mbili na sita zenye sura zisizo na majina, na hatutaacha hata moja. Siku hizi mtu akiingia kushonewa tunamuuliza jina kwanza, kiuno baadaye.

Tunaokukumbuka ni kaka yako Nidio Ayala. Mabinti zako uliotulea, Maida, Yanina na Griselda. Na Delmira Sosa, aliyerudisha nguo.

Daima tutakukumbuka, Zunilda, wa pili kutoka kushoto pichani.