Shikamoo ya Kutazama Viatu

Mama,

Shikamoo. Katika miaka kumi na miwili niliyokuwa mkweo, hilo ndilo neno nililokuambia mara nyingi kuliko yote, na kila mara nililisema nikitazama viatu vyako. Kandambili za bluu, ya kushoto imefungwa kwa waya. Ningezitambua popote. Sura yako nisingeitambua.

Hatukukosana. Ni vile tulivyolelewa, mimi na wewe: mwanamume hamkodolei macho mama wa mke wake. Nikija kwenu Ringwani nilikaa nje kwenye kiti cha wageni, wewe ukapita nyuma ya nyumba, chakula akaleta Rhobi, binti yako, nami nikala nikijua ni mkono wako. Hata siku ya kukuaga, watu walipopanga foleni kupita kwenye jeneza, nilibaki chini ya turubai. Kaka wa Rhobi aliniambia nenda tu, siku hizi hayo yamelegezwa. Sikwenda. Nilijiambia ni adabu, lakini nusu yake ilikuwa woga.

Mwezi uliopita nilipelekwa Ulaya wiki mbili na ofisi yetu ya mifugo hapa Bomani. Ni mafunzo ya ile kazi yangu ya kupandisha ng'ombe kwa mrija, iliyokufanya umuulize Rhobi kama dume amekubali. Jumapili mwenyeji wetu, mama mmoja mtaratibu, akatupeleka kwenye jumba kubwa la sanaa. Ngazi za mawe meupe, dari iko juu mpaka shingo inauma. Watu wanatembea polepole, mikono nyuma, wanasimama mbele ya picha kama wanasubiri iseme kitu.

Mimi sanaa siijui. Najua ng'ombe, kwa hiyo nikatafuta ng'ombe. Nikampata mmoja kwenye fremu ya dhahabu, ana mabaka, na kiwele kimevimba upande mmoja. Nikamwambia mwenyeji huyu anaumwa, anahitaji dawa. Akasema mchoraji wake alikufa zamani sana, hata babu zetu hawajazaliwa. Nikasema basi tumechelewa.

Kisha tukaingia chumba kingine, na ukutani palikuwa na mwanamke mzee. Mkubwa kama mtu halisi, ameketi, anamenya viazi, ananitazama moja kwa moja. Mama, mwili wangu ukafanya wenyewe. Nilisimama, nikasogea pembeni, nikainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Mwenyeji akadhani nimedondosha kitu. Akainama naye, akaanza kunisaidia kutafuta sakafuni.

Nilicheka, ikabidi nimweleze. Naye akanionyesha kamba iliyofungwa mbele ya picha, na mlinzi aliyesimama kuhakikisha hakuna anayeivuka. Hapa pia, akasema, haturuhusiwi kukaribia wala kugusa. Nikaona kumbe na wao wana ukwe na picha zao, ila wao wanaruhusiwa kutazama.

Nikainua macho, nikamtazama. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Jicho moja limechoka kuliko jingine. Mdomo umebanwa kama mtu anayezuia neno. Nilikaa pale mpaka wenzangu wakapita vyumba vitatu, nikamjua mtu ambaye hata jina lake sikuliona. Halafu nikajaribu kukukumbuka wewe, nikapata kandambili. Nililia, mama. Mtu mzima na tai yangu, mbele ya mlinzi.

Nilipofika nyumbani nilimweleza Rhobi. Alikwenda jikoni akarudi na picha yako. Kumbe tangu ufariki imetundikwa nyuma ya mlango kule, nisipoingia mimi, ili nisione aibu ndani ya nyumba yangu. Akailaza mezani kifudifudi. Akasema wewe ulikuwa unanijua vizuri sana. Nikishaaga tu, ulikuwa unakwenda kwenye dirisha la jiko na kunichungulia mpaka nipotee njiani, kila mara, na ulikuwa ukisema, "Huyu mkwe wangu anatembea kama mtu aliyesahau kitu."

Chai ilipoa mbele yangu. Kisha nikaigeuza picha.

Unapeta ulezi, unacheka, jino moja la pembeni halipo. Na una kishimo kwenye shavu la kushoto. Mama, kishimo hicho hicho anacho mjukuu wako Bhoke! Tangu azaliwe nimewaambia watu wote, ofisini, kanisani, mpaka kwenye mnada, kwamba kimetoka ukoo wetu. Na wewe ulikuwa unanisikia nikijisifu hapo nje, ukaninyamazia.

Nisamehe kwa siku ile ya jeneza. Nilipaswa kupita.

Leo nimepigilia msumari sebuleni, juu ya redio, nikaitundika picha yako. Wazee wakija na kuuliza, nitawajibu mwenyewe, Rhobi asisumbuliwe. Bhoke nimeshamwambia kishimo ni cha bibi yake. Pumzika, mama. Nakuahidi kila asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, nitasimama mbele yako kichwa juu na kukusalimia, na nikifika mlangoni unaweza kunichungulia kama kawaida yako. Sitakuwa nimesahau kitu.

Mkweo,
Chacha