Jiwe la Mwikali

Ijumaa, Julai 1998. Kathiani.

Na bado walinipigia makofi.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenituma niandike historia ya shule, kwa kuwa nilisomea hapa kabla sijarudi kufundisha. Leo, siku ya kufunga, nikawasomea wazazi: akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walivyobeba mchanga kutoka mtoni, na sisi watoto tulivyokuja na mawe kila asubuhi mpaka madarasa manne yakasimama. "Kila mtoto alileta jiwe lake," nikasema, kwa sauti ya mhubiri.

Uongo mtupu. Mimi nilikuwa namvizia Mwikali, mwenzangu wa darasa, pale kwenye mikonge, nampokonya lake. Asiyekuwa na jiwe alichapwa langoni. Alichapwa karibu muhula mzima na hakunitaja hata siku moja. Halafu akaacha kuja. Na hesabu alikuwa akinishinda, tena kwa mbali.

Leo alikaa mbele kabisa. Mtoto wake Mutua yuko darasa langu. Watu walipotawanyika akanijia, akanipa mkono kwa heshima.

"Mwalimu, umesoma vizuri sana. Hebu nisomee na hii ripoti ya Mutua. Mimi unajua sikuendelea."

Unajua. Sijui alimaanisha nini. Niliogopa kumtazama usoni.

Nikamsomea. Mutua amekuwa wa kwanza katika hesabu.

Mwikali akacheka kwa furaha. "Huyu mtoto! Sijui hii akili ametoa wapi."

Nilijua. Nikakunja ripoti, nikamrudishia.