Prise za Salon

Commune Tshopo, Kisangani, 4 Februari 2024

Papa,
Mbote mingi. Mugongo yako iko namna gani? Sisi tuko wazima, Mungu anatusaidia. Eddy wetu sasa anakimbia. Miaka mbili tu, na anataka kufanya kila kitu ninachofanya. Tangu Noeli umeme ilikatika mutaa nzima, courant haiko, donc hajui prise ni kitu cha hatari. Anaingiza musumari ndani ya matundu ya prise ya ukutani, pale salon, anasema, «Mama, nacharger simu.» Nacheka mpaka machozi, halafu naogopa. Ulipotuwekea umeme ya nyumba, prise ulizifunga chini sana, Papa. Nibandike utepe ya scotch juu yake?
Mutoto yako, Odile

Basoko, 20 Februari 2024

Mutoto yangu,
Nafurahi kusikia muko wazima. Mugongo inauma kidogo tu, ni uzee. Nilicheka sana na huyo fundi mudogo, amerithi kazi yangu. Scotch usibandike, joto itaitoa kwa siku mbili na rangi ya ukuta itaharibika. Nitakuja Pasaka na vifuniko vya kweli, nivifunge mwenyewe. Alors usijisumbue, courant yenyewe haiko.
Papa yako

Kisangani, 23 Aprili 2024

Papa,
Salamu kwako na kwa wote wa Basoko. Afya yangu usiulize.
Pasaka tulikungoja bandarini, bateau ikafika bila wewe. Scotch nilikuwa nayo, sikuibandika sababu ulisema nikungoje. Jumatatu ya tarehe kumi na tano, saa nane ya mchana, courant ikarudi. Mutaa nzima ikapiga kelele ya furaha. Na mimi nilipiga, Papa, nikatoka kumukumbatia jirani yangu Nuru. Niliporudi, Eddy alikuwa amelala chini ya prise na musumari yake. Tulimukimbiza hospitali, lakini alikuwa amekwisha kufa. Tulimuzika kesho yake. Nilikupigia simu mara nyingi, réseau ya Basoko haikupita.
Njoo, Papa.
Mutoto yako, Odile

Kisangani, 30 Juni 2024

Papa,
Natumaini uko muzima. Hii ni barua ya tatu tangu tumuzike Eddy. Tonton Sadrack, aliyekuletea zile mbili, anasema unazisoma, unalia, haujibu. Anasema siku ya Pasaka mugongo ilikukatalia kupanda bateau, ukaona haya kutuma neno.
Wakwe zangu wanasema ni kosa yako. Niliwakatalia mbele ya watu wote. Lakini kusema kweli, siku zingine nakukasirikia sana, halafu najikasirikia mimi mwenyewe. Nimezika mutoto. Papa yangu iko hai huko Basoko, na namulilia yeye pia.
Sikuombi ujieleze. Andika salamu tu. Uniulize kama nimekula.
Mutoto yako, Odile