Nilimgusa Mama Mkwe Kichwa Kando ya Bwawa la Trauti

Shangazi Rispa, salamu nyingi, na tafadhali nijibu kabla ya Jumapili ijayo, kwa sababu Jumapili ikinikuta sijapata neno lako mimi nitakuwa nimevunjika mkono, na hilo nitalieleza hapo chini.

Mimi ni kijana wa miaka thelathini na moja, naishi Kiogoro na nauza vifaa vya ujenzi katika duka moja la Kisii mjini. Kwetu ni upande wa ziwa, lakini ni kwa jina tu, maana marehemu baba alikuwa fundi cherehani hapa Kisii tangu sijazaliwa, na ziwa lenyewe nimeliona mara tatu, zote wakati wa mazishi, nikiwa nimesimama mbali. Kuogelea sijui. Mwiba wa samaki ulinikwama kooni nikiwa darasa la pili na tangu siku hiyo nakula nyama na mboga.

Nina mchumba, Bonareri, mwalimu wa chekechea, msichana wa Nyamira, na harusi yetu ni baada ya wiki saba. Baba yake, Mzee Abner, ni mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa la Waadventista, na mwaka juzi alichimba bwawa bondeni chini ya chai yake, pale ambapo maji ya chemchemi hutoka baridi ya kuuma meno, akapandikiza vifaranga vya trauti. Alimchagua trauti akamwacha kambare kwa sababu za Biblia, maana kwao samaki asiye na magamba haliwi, na magamba ya trauti ni madogo mno hata wazee wa kanisa walikuja na miwani na tochi kuhakikisha. "Iko nayo," wakasema, ndipo akaendelea.

Siku nilipopelekwa kujulishwa nyumbani, mzee aliposikia jina langu alinishika bega akasema, "Sasa Mungu ameniletea mtu wa ziwa. Hii maneno ya samaki wewe unaijua kabisa, ama?" Shangazi, ningesema sijui. Badala yake ulimi ulinitangulia nikajibu, "Baba, samaki kwetu ni damu." Mama mkwe alikuwa akiniwekea samaki mezani wakati huohuo, akanitazama, na nikamsukuma yule samaki chini ya ugali nikiamini hakuna aliyeona.

Basi mwezi uliopita mzee akatangaza kanisani na sokoni kwamba Jumapili bwawa litafunguliwa kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, anayejua na asiyejua, na asiyejua atafundishwa na mkwe wake mtaalamu wa ziwani. Uvuvi wenyewe si wa wavu wala wa mnyoo, ni wa nzi, yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya ya kuku hadi ifanane na mdudu, unaitupa kwa ufito mrefu, uzi unapaa kwanza nyuma yako halafu mbele, nzi anatua majini polepole na samaki anadhani ni chakula. Nilijifunza kwa video za simu siku nne, nyuma ya nyumba, kwa mpini wa ufagio na uzi wa cherehani ya marehemu baba, na kitu pekee nilichonasa ni jogoo wa jirani yangu Nyangau.

Jumapili ikafika na watu wakajaa ukingoni, watoto, akina mama wa kanisa, na mzee mmoja Angwenyi wa kiti cha magurudumu, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ambako Wazungu walivua trauti hivihivi kwa nzi. Huyo alikaa pembeni akitupa uzi wake kimyakimya na alikuwa ameshatoa samaki watatu mimi nikiwa bado namtoa nzi wangu kwenye mkaratusi. Mzee Abner akaita, "Nyamazeni muone mwalimu." Nikarudisha ufito nyuma kwa nguvu zangu zote, nikausukuma mbele, nikaona kitu chekundu kinapita juu ya kichwa changu na kutua katikati ya bwawa. Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, aliyesimama nyuma yangu, ndoano imekinasa.

Hapo ningeomba radhi nikakaa chini, lakini nilichanganyikiwa, nikakivuta kile kitambaa, nikakikamua, nikamwendea na kumvisha kichwani kwa mikono yangu miwili. Hata fundo nikafunga. Shangazi, wewe umekaa na Wakisii, unajua. Hapa mkwe hata mkono hampi mama mkwe, wanaiita chinsoni, ni heshima ya kuoneana haya, na mimi nilimshika kichwa mbele ya kanisa zima, maji yakimtiririka shingoni. Mzee alikohoa, akawaambia wageni kwamba hiyo ni njia ya watu wa ziwa, kutupa kitu chekundu ili samaki waamke.

Tangu siku hiyo mama hajanisemesha. Nikipiga simu anampa Bonareri. Siku ya tatu alinitumia trauti mmoja kwenye bakuli, amepikwa na kutolewa miiba yote, haukubaki hata mmoja, vile mtu humchambulia mtoto mdogo. Niliona ni dharau, nikampa paka wa Nyangau. Sasa mzee anasema Jumapili ijayo tunarudia na wageni wanamtaka mwalimu. Bonareri ananiambia, "Usipotengeneza na mama, hatakanyaga kanisani siku ya harusi. Na baba ukimwambia ukweli atakufukuza. Mimi nimechoka kukufikiria, fikiria pia wewe." Rafiki yangu Lewis, ambaye anafanya kazi kwenye kliniki, amekubali kunifunga plasta ya mkono Ijumaa, nionekane nimevunjika. Nampenda huyu msichana, Shangazi, na naona ananiponyoka. Nifungwe plasta au nihame Kisii? Tafadhali usichapishe jina langu.

Owiti, Kiogoro

SHANGAZI RISPA ANAJIBU

Umeniomba nisichapishe jina lako halafu umelitia mwishoni kwa herufi kubwa. Nimelibadilisha. Owiti ni jina la shemeji yangu, na amekubali kukuazima.

Tuanze na plasta, maana ndiyo inayonikera. Plasta hukaa wiki sita, na harusi ni baada ya saba. Waadventista hawavishani pete, mtabadilishana Biblia, sasa utaipokea kwa mkono uliosinyaa? Mwambie Lewis plasta ni ya waliovunjika.

Mimi nimezaliwa ufuoni, nyumba ya tatu kutoka majini, na ndoano sijawahi kuishika. Kwetu kuna makarani, kuna mafundi, na kuna waoga wa maji kama wewe. Mzee alipokuuliza, ungemwambia wewe ni mtoto wa fundi cherehani na mngecheka yakaisha. Uzi wa baba yako unao hadi leo, na yeye mwenyewe ukamkana kwa sababu ya samaki usiyemla. Hilo limeniuma kuliko kitambaa.

La kitambaa, pole, nimecheka hadi majirani wakaja. Kitambaa kuruka ni ajali. Kukirudisha kichwani ni kosa, na lile fundo ni kosa juu ya kosa. Lakini acha kumpigia mama wa watu simu. Kunyamaza kwake si chuki, anakaa pale heshima inapomtaka akae mpaka wengine wamzungumzie. Mtafute dada ya baba yako, mpe kitambaa kipya chekundu, akipeleke Nyamira na kumkabidhi dada ya mama mkwe, naye ndiye ampe mwenyewe. Wewe ubaki Kiogoro. Watakunywa chai, watakusema, watakucheka, na neno litakwisha.

Kwa mzee nenda mwenyewe, Ijumaa asubuhi, kabla hajaanza maandalizi ya Sabato. Mwambie, "Baba, nilikudanganya," kisha unyamaze. Atakasirika, na ana haki. Akiuliza nani atafundisha Jumapili, jibu umeniandikia mwenyewe bila kuliona: mwalimu amekaa ukingoni kwenye kiti cha magurudumu na samaki watatu ubavuni. Wewe kaa chini na watoto, karibu na magurudumu yake, ufundishwe. Bwawa si limefunguliwa kwa asiyejua pia?

Samaki nimemwacha mwisho makusudi. Owiti, nani humtolea mtu wa ziwa miiba? Ukitupikia samaki hivyo tutakuuliza kama tunaumwa. Huyo mama alikuona siku ya kwanza ukimficha samaki chini ya ugali, akajua wewe si mvuvi, na hadi leo hajamwambia mumewe. Ukamwaibisha mbele ya kanisa lake, na bado akakaa jikoni akachomoa miiba ya trauti, ambayo ni myembamba kama nywele, mmoja mmoja, ili mkwe wake asikwamwe kooni. Kukusemesha hawezi, kwa hiyo alikutumia neno lake kwenye bakuli. Nawe ukampa paka.

Lioshe hilo bakuli. Kitambaa kikae ndani yake, maana chombo cha watu hakirudi kitupu. Na samaki wa pili akija, paka abaki nje, ufunge mlango, umle.