Utando wa Kijani Kwenye Silanga la Kulamawe

Mpendwa Mama,

Salaam aleikum. Nimekukumbuka kwa sababu ya silanga la Kulamawe, lile bwawa la kuchimbwa ulikokuwa ukinywesha mbuzi wetu.

Mwaka ule wa ukame maji yalipungua, na utando wa kijani ukayafunika hadi mbuzi wakakosa pa kutia mdomo. Jirani yetu, Mzee Galgalo, alisema kuna dawa ya kumwaga majini, na kila kitu cha kijani kitakufa. Wengi walikubali kwa kuwa walikuwa wamechoka. Wewe hukubishana naye. Ulifunga leso kiunoni, ukaingia majini, ukachota utando kwa mikono miwili na kumpelekea.

"Angalia, Mzee," ulimwambia. "Hawa pia wanaishi kwa maji haya."

Ndani yake mlikuwa na viluwiluwi, konokono wadogo kama punje za mtama, na wadudu waliojikunja. Galgalo alitazama, halafu akauliza sasa mbuzi wanywe nini. Ulisema tutautoa kwa mikono.

Tuliutoa, wewe, mimi na wanawake wa jirani. Kila fungu uliagiza liwekwe ukingoni likigusa maji, ili waliomo warudi wenyewe. Kazi ilienda polepole. Mbuzi wetu wawili waliokuwa dhaifu walikufa kabla hatujamaliza, na Baba akakaa siku kadhaa bila kuzungumza nawe. Uliburuta mizoga mbali na maji, ukarudi kazini. Sikuwahi kukuuliza kama ulijuta. Sasa siwezi tena kukuuliza.

Juzi nilipita huko. Mzee Galgalo bado yupo, macho yamepungua nguvu. Aliniambia mvua ikinyesha vyura wa silanga wanampigia kelele hadi asubuhi, na lawama zote anakupa wewe. Alisema hivyo bila hasira. Kisha akaniambia hajaruhusu mtu kumwaga kitu chochote pale.

Nilidhani nitalia, kwa kuwa sikulia siku tulipokuzika. Sikulia. Nilivua viatu nikaingia hadi magotini, kwenye ule ujani unaoteleza. Kitu kidogo kiliugusa mguu wangu, kikatulia hapo, halafu kikaenda zake.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Mama. Mimi narudi mjini.

Binti yako