Elektroni Kwenye Msafara wa Matoleo

Papa Neema,

Mutoto wako amepita! Ijumaa alitetea kazi yake ya fizikia pale chuo kikuu, wakamukubali, tukamumwagia pudre, unga ule wa shangwe, mpaka nyusi zikawa nyeupe sawa zako. Wewe njo ulikuwa unamuuliza, "Neema, hizo elektroni zitatupikia sombe?"

Profesa mumoja alimuomba aeleze kwa Kiswahili, kwa ajili yetu familia tulioketi nyuma. Neema akatugeukia, akasema, "Fikirini matoleo, kule kanisani kwetu."

Nikashtuka. Maana kucheza matoleo mpaka altareni, ni wewe.

Alisema kuna metali ambayo atomu zake zimebeba kila moja sumaku ndogo. Sumaku hizo ni sawa watu wa kwenye mabenchi, wametulia, wamepangana wao kwa wao. Elektroni ni wale wanaopita katikati wakicheza na vikapu. Baridi ikizidi sana, elektroni zinaanza kuvuta walioketi waingie nao, na msafara unakuwa muzito, unajikokota. "Papa yangu alikuwa elektroni ya namna hiyo," akasema, na watu wakacheka. Si ulimuvuta hata tonton, yule mzee anayetembea kwa magongo? Na Padri kule mbele: "Papa Neema, leo tutafika?"

Kisha akaeleza alichokitafuta yeye. Metali ile ukiikandamiza kidogo kidogo, kuna mahali inafika, sumaku hazitulii tena kwenye mabenchi, na msafarani hazijaingia. "Wamenyanyuka nusu," akasema. Hapo hata baridi iwe ya mwisho kabisa, zinatetemeka tu, na elektroni haziendi tena kwa kanuni alizofundishwa. Mashine ya baridi hiyo hatuna hapa Bukavu. Yeye amefanya hesabu zake, za pale pa kunyanyuka nusu.

Hakunitazama. Lakini nilijua ameniona.

Papa Neema, tangu tukuzike kule Katana, ngoma za matoleo zikianza nashika benchi la mbele, nanyanyuka... narudi chini. Wamaman wananiita kwa mikono, mimi najifanya natafuta rozari. Nilimwambia Mungu, imani yangu imepungua. Kumbe nilikuwa pale pa kutetemeka tu.

Jumapili Neema alileta shukrani kwenye matoleo, kapu la maharagwe kichwani. Alipofika kwenye benchi langu alipunguza mwendo, vile ulikuwa unafanya wewe.

Nikasimama. Nikaingia. Machozi yalitoka, na kucheka nilicheka, kwa sababu Padri alikuwa ameshanyoosha shingo: "Maman Neema, leo tutafika?"

Tulifika, Papa. Tulichelewa, lakini tulifika.

Sasa lala kwa amani ya Bwana, usituhangaikie. Kwenye nafasi yako ya zamani, upande wa pili, siku hizi anaketi mujane mugeni, ametoka kijiji cha Miti, anashikilia benchi sawa mimi. Nakuahidi, Jumapili ijayo nitapitia upande ule nikicheza. Polepole.

Bibi yako,
Maman Neema